Jinsi ya kulinganisha shule za chata Washington, D.C.: mwongozo kamili kwa mzazi

Kila Aprili napokea simu zilezile. "Kaka, mtoto kapangiwa shule ng'ambo ya mto, nami naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, sasa nifanyeje?" Nikiuliza shule ilichaguliwaje, majibu huwa matatu: jirani aliisifu, ina alama kubwa mtandaoni, au "niliogopa kukosa kote, nikaiweka ile rahisi juu."

Wote hao ni wazazi makini. Kosa lao ni kwamba walilinganisha majina ya shule. Hawakuuliza shule ile inamfikisha wapi mtoto anayefanana na wa kwao, anayeanzia pale alipo wa kwao. Ndiyo kazi ya hatua zinazofuata.

Tukubaliane maneno kwanza. Chata ni shule ya umma, bure, haina mtihani wa kuingia, na inaendeshwa na taasisi isiyo ya faida kwa mkataba wa miaka 15 na bodi moja ya jiji, DC Public Charter School Board. Haifuati mtaa, kwa hiyo mtoto wa Anacostia anaweza kuomba shule ya Brookland. Karibu nusu ya wanafunzi wa shule za umma za D.C. wanasoma kwenye chata.

Onyo kabla hujaendelea: mwongozo huu ni wa anayeishi ndani ya D.C. yenyewe. Kama upo Silver Spring, Hyattsville au Alexandria, taratibu zako ni za kaunti au mji wako. Usitumie anwani ya shangazi. Ukazi unachunguzwa, na anayebainika amedanganya hudaiwa ada ya muda wote mtoto aliosoma.

Unachohitaji mezani

- Daftari au karatasi kubwa ya kuchora jedwali. Simu peke yake haitoshi, utasahau ulichosoma juu.
- Ripoti ya mwisho ya mtoto shuleni. Kama anajifunza Kiingereza, tafuta pia matokeo yake ya WIDA ACCESS, mtihani wa kupima Kiingereza chake.
- Karatasi za IEP, yaani mpango rasmi wa masomo na huduma za mtoto mwenye mahitaji maalumu, kama wako anao.
- Cheti cha kuzaliwa au hati nyingine inayoonyesha umri.
- Uthibitisho wa ukazi. Karatasi ya mshahara ya karibuni inayoonyesha jina lako, anwani yako ya D.C. na kodi ya D.C. iliyokatwa inaweza kutosha peke yake. Kama huna, utahitaji hati mbili za aina nyingine, kwa mfano mkataba wa pango pamoja na risiti ya malipo, na leseni ya udereva ya D.C.
- Akaunti kwenye myschooldc.org, tovuti ya My School DC, ambako maombi ya bahati nasibu ya kugawa nafasi za shule hufanyika.
- Ratiba yako ya kazi. Iandike kama ilivyo, zamu za usiku zikiwemo.

Hati za uhamiaji hazimo kwenye orodha hii kwa sababu hazitakiwi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Afisa wa shule akikuuliza, una haki ya kutojibu.

Muda: kazi inaanza Desemba

Bahati nasibu ya My School DC hufunguliwa Desemba. Maombi ya darasa la 9 hadi la 12 hufungwa mwanzoni mwa Februari, na ya PK3 (chekechea ya miaka mitatu) hadi darasa la 8 hufungwa mwanzoni mwa Machi. Matokeo hutoka mwishoni mwa Machi au Aprili ikianza, na kwa kawaida unatakiwa uwe umemwandikisha mtoto ifikapo tarehe 1 Mei. Hakiki tarehe kamili za mwaka wako, maana hucheza siku mbili tatu.

Kuwahi ndani ya muda hakukuongezei nafasi. Aliyeomba Desemba na aliyeomba siku ya mwisho wanaingia droo moja. Lakini kuchelewa kwa siku moja kunakupeleka mkiani mwa orodha ya kusubiri.

## Hatua ya 1: Andika habari za mtoto, majina ya shule baadaye

Juu ya karatasi jibu mambo manne. Yuko wapi kwa kusoma na kwa hesabu? Anaongea lugha gani, na kila moja kwa kiasi gani? Ana hitaji lipi maalumu? Kitu gani kinamfanya asitake kwenda shule?

Hilo la mwisho wazazi wengi hulidharau. Mtoto aliyewahi kuchekwa kwa lafudhi yake anahitaji shule yenye watoto wengine wanaojifunza Kiingereza. Ukimweka peke yake mahali, hata pawe pazuri vipi, atanyamaza mwaka mzima.

Umri nao uhakikishe hapa. PK3 ni kwa aliyetimiza miaka 3 ifikapo 30 Septemba ya mwaka huo wa shule, PK4 miaka 4, na kindagateni miaka 5. Kuanzia kindagateni, mtoto ana nafasi ya haki kwenye shule ya kawaida ya jiji inayohudumia mtaa wenu, bila bahati nasibu. Kwa PK3 na PK4 hakuna haki hiyo ya moja kwa moja, hata shule iwe mlangoni kwako.

Tafuta jina la shule hiyo ya mtaa sasa hivi na uliandike kwenye mstari wa kwanza wa jedwali. Hiyo ndiyo mizani. Chata isiyoizidi shule ya mtaa kwa jambo lolote unalolijali haina sababu ya kukutoa nyumbani saa kumi na moja alfajiri.

*Umefaulu hatua hii* ukiweza kumweleza mtu kwa sentensi mbili unatafuta nini, bila kutaja jina la shule hata moja.

## Hatua ya 2: Punguza orodha kwa njia na saa

Shule nyingi za chata hazina basi la manjano. Usafiri huo hutolewa hasa kwa watoto ambao IEP zao zinasema wanauhitaji. Wengine wanapanda Metro na mabasi ya kawaida. Mpango wa Kids Ride Free unawapa wanafunzi wa miaka 5 hadi 21 kadi ya kusafiri bure, lakini wewe unayemsindikiza mdogo unalipa nauli, mara nne kwa siku ukihesabu kurudi.

Fanya hivi: chagua siku ya kazi, ondoka nyumbani kwa saa ileile ambayo mtoto angeondoka, nenda hadi geti la shule. Ramani ya simu itakwambia dakika 25. Barabara itakwambia 50, hasa ukibadilisha treni Fort Totten au Gallery Place asubuhi ya mvua. Na usitegemee namba za basi alizokupa mtu zamani, maana mtandao wa Metrobus ulibadilishwa Juni 2025 na njia zikapewa majina mapya.

Baada ya njia, uliza saa. Shule inafungua mlango saa ngapi? Kuna uangalizi baada ya masomo, unaisha saa ngapi, na unalipiwa kiasi gani? Masomo ni bure lakini uangalizi wa jioni mara nyingi si bure, na mfanyakazi wa zamu anaweza kujikuta analipa fedha ambayo hakuipangia.

Kalenda pia. Kila chata hujipangia yake, na baadhi hufungua mapema Agosti kuliko shule za kawaida za jiji. Ukiwa na watoto wawili katika shule mbili, likizo zao zinaweza kupishana wiki nzima. Mimi yalinikuta: mmoja nyumbani, mwingine shuleni, nami sina likizo hata moja.

*Umefaulu* ukibaki na shule zisizozidi 15, zote ukiweza kuzifikia Februari kwenye theluji.

## Hatua ya 3: Soma namba, lakini kwa mpangilio huu

Fungua DC School Report Card, kadi ya ripoti ya shule inayotolewa na OSSE, ofisi ya elimu ya jiji. Kila shule ya umma imo, ya chata na ya kawaida, kwa vipimo vilevile. Ndiyo maana tunaanzia hapa badala ya tovuti zinazozipa shule alama moja kati ya kumi.

Kwanza, kipimo cha maendeleo. Watoto wa darasa la 3 hadi la 8 hufanya mtihani wa jiji uitwao DC CAPE, wa Kiingereza na hesabu. Matokeo ni ngazi 1 hadi 5, na anayefika 4 au 5 amefikia kiwango. Asilimia ya waliofikia kiwango ndiyo namba ambayo kila mtu anaikimbilia, nayo inakwambia zaidi watoto waliingia shuleni wakiwa na nini kuliko shule iliwaongezea nini.

Kipimo cha maendeleo kinafanya kazi tofauti. Kinamchukua mtoto, kinamlinganisha na wenzake waliokuwa na alama kama zake mwaka uliopita, kisha kinauliza amewapita wangapi katika kila mia. Namba ya shule ni ya mtoto wa katikati. Hamsini ni wastani. Ikiwa juu ya 50, watoto wa shule hiyo wanasogea kuliko wenzao walioanza nao sawa. Ikiwa chini, wanaachwa.

Chukua mfano wa kubuni. Shule A ina asilimia 45 waliofikia kiwango, maendeleo 41. Shule B ina asilimia 22, maendeleo 62. Jirani atakusukuma A. Lakini kama mwanao yuko ngazi ya 2, B ndiyo inayojua kumnyanyua mtoto wa ngazi ya 2. A huenda imezoea watoto wanaofika tayari wanajua.

Pili, kundi la mtoto wako. Kadi hukuruhusu kuchuja: wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu, wa kipato cha chini, kwa rangi. Soma mstari wa kundi lake kabla ya mstari wa shule nzima. Kuna shule zinazong'aa kwa jumla huku watoto wenye IEP wakiachwa nyuma kabisa.

Ukikuta nafasi tupu, kundi ni dogo mno kuchapishwa. Hiyo nayo ni habari: pengine mwanao atakuwa mmoja wa wachache sana wanaohitaji huduma hiyo. Andika swali la kuuliza ukitembelea.

Tatu, mahudhurio. Tafuta asilimia ya watoto wanaokosa asilimia 10 au zaidi ya siku za shule, kwa ruhusa au bila ruhusa. Ni karibu siku 18 kwa mwaka. Ikiwa kubwa, mwalimu anatumia muda mwingi kurudia somo la jana. Baada ya korona namba hizi zilipanda mji mzima, kwa hiyo linganisha shule na shule, usilinganishe na ndoto.

Nne, wanaoondoka katikati ya mwaka na wanaosimamishwa. Shule isiyomtaka mtoto mgumu mara nyingi haimfukuzi. Humwita mzazi kila wiki mpaka mzazi achoke mwenyewe na kumhamisha. Dalili yake ni watoto wengi kutoka baada ya Oktoba na wachache kuingia. Namba za kusimamishwa peke yake zinaweza kuonekana safi.

Kwa sekondari ya juu ongeza kiwango cha kumaliza kwa miaka minne, matokeo ya SAT (mtihani wa kuombea chuo), na kama kuna masomo ya AP au IB, yaani ya kiwango cha juu yanayoandaa kwa chuo.

Soma miaka miwili au mitatu mfululizo. Namba ya mwaka mmoja, hasa kwa shule ndogo, hutikisika kwa sababu ya darasa moja tu.

*Umefaulu* ukiwa na safu nne za namba kwa kila shule na umepiga mstari chini ya mbili au tatu zilizokushangaza.

## Hatua ya 4: Mtoto akiwa mdogo, namba ni nyingine

Chini ya darasa la 3 hakuna CAPE. Ukiona shule ya PK3 inajisifia matokeo, uliza ni ya watoto gani, maana wa miaka mitatu hafanyi mtihani huo.

Kwa PK3 na PK4 tafuta alama za CLASS. Mtazamaji aliyefunzwa huingia darasani na kupima, kwa alama 1 hadi 7, mambo matatu: jinsi mwalimu anavyowapokea watoto kihisia, jinsi darasa lilivyopangwa, na jinsi anavyowachokoza kufikiri na kuongea. Mawili ya kwanza huwa juu karibu kila shule. Tofauti iko kwenye la tatu, kwa hiyo ndilo la kulinganisha.

Ni muhimu zaidi kwa nyumba inayoongea Kiswahili. Mtoto wako anapata lugha ya pili kwa kuongeleshwa na kuulizwa maswali marefu, siyo kwa kukaa kimya kwenye zulia akifuata maelekezo.

Familia zilizotoka Kongo na Burundi ziangalie jambo moja. Kama nyumbani mna Kifaransa pamoja na Kiswahili, shule za lugha mbili si anasa kwenu. Elsie Whitlow Stokes, yenye kampasi Brookland na East End, hufundisha kwa Kiingereza na Kifaransa au Kihispania, na watoto wake wana njia ya kuendelea na lugha hiyo kwenye chata ya DC International kuanzia darasa la 6. Mtoto aliyeanza Kifaransa Bukavu anaingia akiwa na mtaji. Lakini anzeni mapema: kuingia shule ya Kifaransa darasa la 4 bila neno la Kifaransa ni mzigo juu ya mzigo.

Na wewe mzazi, kidogo kando ya mada: zipo chata za watu wazima. Carlos Rosario hufundisha Kiingereza na ufundi, na Briya humfundisha mzazi huku mtoto mdogo akisoma hapohapo.

## Hatua ya 5: Kagua kama shule itakuwepo

Watu huruka hatua hii kwa kuona serikali haiwezi kuacha shule ifungwe. Inafungwa. Agosti 2024, siku chache kabla ya muhula kuanza, Eagle Academy iliyokuwa na watoto wadogo wa PK na msingi ilifunga kwa matatizo ya fedha, baada ya bodi kukataa mpango wa kuikabidhi kwa mtandao mwingine wa chata. Wazazi walikuwa tayari wameshanunua sare.

Nenda kwenye tovuti ya bodi, si ya shule. Angalia mambo matatu tu.

Mkataba: bodi huipitia kila shule walau mara moja kila miaka mitano, na miaka 15 ikiisha huamua kuuhuisha au la. Kama mapitio yanakuja mwaka huu au ujao, soma ripoti iliyopita ilisema nini na masharti gani yaliwekwa.

Fedha: bodi hutoa kila mwaka uchambuzi wa fedha za shule zote. Usihangaike na jedwali lote. Tafuta shule ina akiba ya kuendesha kazi kwa siku ngapi, na kama imepata hasara mfululizo.

Idadi ya wanafunzi: shule hulipwa kwa kichwa. Idadi ikishuka miaka mitatu mfululizo, kinachofuata ni kupunguza walimu, kisha kuunganisha kampasi.

Bodi pia huchapisha ripoti za wakaguzi walioingia madarasani, ziitwazo QSR. Ni kurasa chache, na zina maelezo ambayo hutayapata kwenye kipeperushi cha shule.

*Umefaulu* ukiweza kusema, kwa kila shule iliyobaki, kwamba hujaona sababu ya kudhani itafungwa kabla mwanao hajamaliza.

## Hatua ya 6: Nenda ukaone, na uulize kama mtu anayenunua ng'ombe

Desemba kuna EdFest, maonyesho ambapo shule karibu zote hukutana chini ya paa moja. Ni mahali pazuri pa kukusanya majina. Si mahali pa kuamua, kwa sababu pale kila mtu anatabasamu.

Amua shuleni. Shule hupanga siku za wazazi kutembelea, nenda. Kisha omba kurudi siku ya kawaida, watoto wakiwa madarasani. Shule inayokataa kabisa usionekane asubuhi ya Jumanne imeshakupa jibu.

Simama kwenye korido wakati wa kubadilisha vipindi. Watoto wanatembeaje? Watu wazima wanawaitaje: kwa majina, au kwa kelele? Angalia kuta. Kazi zilizobandikwa ni za mikono ya watoto, zenye makosa na masahihisho, au ni mabango ya dukani? Chungulia vyoo. Sitanii.

Kisha maswali. Usiulize "shule yenu ni nzuri?" Uliza haya:

- Walimu wangapi wa mwaka jana wamerudi mwaka huu? Mwalimu wa darasa atakaloingia mwanangu yupo, au mnatafuta? Kadi ya OSSE ina takwimu za walimu wanaobaki, jibu lao lifanane nayo.
- Mtoto anayejifunza Kiingereza anafundishwaje? Mwalimu maalumu anaingia darasani, au mtoto anatolewa? Anatolewa wakati wa somo gani? Akitolewa kila siku wakati wa sayansi, hatasoma sayansi.
- Nikiitwa kwenye kikao, mkalimani wa Kiswahili anapatikanaje? Sheria za haki za kiraia zinataka shule inayopokea fedha ya serikali kuu iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila malipo. Jibu la "mtoto wake mkubwa atatafsiri" ni kasoro kubwa.
- Mtoto akipigana siku ya kwanza, nini kinatokea? Siku ya tano je? Sikiliza kama wana utaratibu au wana hasira.
- Mnapokea wanafunzi wapya hadi darasa la ngapi? Baadhi huacha kupokea madarasa ya juu, na hiyo inabadilisha maana ya takwimu zao.

Kwa mwenye mtoto wa IEP: onyesha karatasi, uliza nani hasa atatoa huduma hizi na mara ngapi kwa wiki. Wakikwambia "pengine shule nyingine itamfaa zaidi," jua kwamba chata haina haki ya kumkataa mtoto kwa ulemavu wake. Andika tarehe na jina la aliyesema.

Mwisho subiri nje saa ya kutoka na uongee na wazazi. Wa Kihabeshi, wa Salvador, wa hapahapa, yeyote. Muulize swali moja: "Mara ya mwisho ulipolalamika, walifanya nini?" Hakuna tovuti yenye jibu hilo.

*Umefaulu* ukirudi nyumbani na jambo moja zuri na moja baya kwa kila shule. Shule usiyoiona baya lolote hujaitazama.

## Hatua ya 7: Panga zile 12 kwa kupenda kwako, si kwa hofu

My School DC inakuruhusu kupanga hadi shule 12. Kila mtoto hupewa namba ya bahati, na mfumo unajaribu kumweka kwenye shule aliyoiweka juu kadiri nafasi na vipaumbele vinavyoruhusu. Vipaumbele ni kama kuwa na ndugu anayesoma pale, na kwenye baadhi ya shule, kuwa katika kundi la watoto wenye uhitaji.

Kosa kubwa liko hapa, nalo linarudiwa kila mwaka. Mzazi anaiweka shule "rahisi" namba 1 akidhani kuiweka ile anayoipenda juu kutampotezea nafasi. Sivyo. Ukikosa namba 1, unashindania namba 2 kwa nguvu ileile kama aliyeiweka ya kwanza. Kinyume chake ndicho kinaumiza: ukipata namba 1, unaondolewa kwenye zote zilizo chini yake. Hakuna orodha ya kusubiri kwa ile uliyoipenda kweli.

Ukipata namba 4, utabaki kwenye orodha za kusubiri za 1, 2 na 3, na 5 hadi 12 zinafutika. Kwa hiyo kanuni ni mbili.

Panga kwa kupenda kweli kutoka juu kwenda chini. Na usiandike shule ambayo hutampeleka mtoto hata ukiipata, kwa sababu ukiipata inakula zote zilizo chini yake. Si lazima ujaze 12. Kama shule ya mtaa wako ni bora kuliko chaguo la 6, simama kwenye 5.

Pima pia uzito wa droo. My School DC huchapisha takwimu za miaka iliyopita: nafasi ngapi kwa kila darasa, na waliosubiri waliitwa wangapi. Shule inaweza kuwa na nafasi nyingi PK3 na mbili tu darasa la 2. Hilo lisikubadilishie mpangilio, likukumbushe tu kuweka chini walau mbili zenye nafasi unazozikubali.

Watoto wa familia moja waombwe kwenye akaunti moja, na majina yaandikwe kama yalivyo shuleni. Jina la babu likiwa katikati kwa mmoja na mwishoni kwa mwingine, mfumo unaweza usiwatambue kuwa ndugu. Nimeona kipaumbele kikipotea hivyo, kwa sababu tu ya jinsi tunavyoandika majina yetu.

*Umefaulu* ukiweza kusoma orodha kwa sauti na kwa kila jozi ukasema, "Hii ya juu naitaka kuliko hii ya chini," bila kusita.

## Hatua ya 8: Baada ya matokeo

Ukipata nafasi, peleka hati zako shuleni kabla ya tarehe ya mwisho. Kubonyeza kukubali hakutoshi. Kumwandikisha mtoto pale hakukutoi kwenye orodha za kusubiri za shule ulizoziweka juu, kwa hiyo usikae ukisubiri mikono mitupu. Usipoandikisha, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Kwenye fomu utaulizwa lugha ya nyumbani. Andika Kiswahili, kama ndiyo lugha yenu. Wengi huandika Kiingereza wakiogopa mtoto atawekwa pembeni, kisha mtoto hapimwi na hapati msaada anaostahili.

Fomu za afya zinahitajika pia: ya daktari, ya meno, na chanjo kamili. Mtoto ambaye chanjo zake hazijakamilika anaweza kuzuiwa kuingia darasani, hivyo weka miadi Juni. Agosti kliniki zinajaa.

Kama uko kwenye orodha ya kusubiri, ingia kwenye akaunti yako uone namba yako, kisha hakikisha simu na barua pepe zako ni sahihi. Nafasi hufunguka kuanzia Mei, huongezeka Agosti watu wanapohama, na huendelea hadi karibu hesabu rasmi ya wanafunzi mwanzoni mwa Oktoba. Ujumbe wa shule huja na muda mfupi wa kujibu. Ukibadilisha laini ya simu Julai, umejiondoa mwenyewe.

Simu hiyo ikija Septemba, mtoto ameshazoea wenzake. Fungua karatasi yako ya Januari, soma ulichoandika kuhusu shule hiyo, jambo zuri na jambo baya, halafu uangalie tena saa ya kuondoka nyumbani. Ukikubali, mwandikishe kule kwanza na upewe tarehe ya kuanza, ndipo umwondoe alipo.

Na ukikwama popote, piga simu ya msaada ya My School DC na useme neno moja, "Swahili". Usikate simu, watakutafutia mkalimani.